Kostiki ikiwahi, kostiki ikichelewa: kupanga uzalishaji wa kiwanda cha sabuni Kigoma

SWALI: "Tuna kiwanda kidogo cha sabuni ya mche hapa Kigoma, upande wa Ujiji. Tunachemsha tani moja ya mafuta kwa siku, kilo 700 za mawese na kilo 300 za mise (mafuta ya kokwa za mchikichi), siku sita kwa wiki. Kostiki (caustic soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) tunaitoa Dar es Salaam, mifuko 150 ya kilo 25 kwa kila oda, na kwa siku tunatumia mifuko 6. Muuzaji anasema mzigo unachukua siku 14, kwa hiyo tunaagiza tukibakiwa na mifuko 72. Oda 12 zilizopita zilichukua siku 12, 9, 14, 26, 13, 17, 11, 15, 21, 12, 16 na 14. Ule wa siku 26 ulipochelewa tuliagiza mwingine kwa hofu, yote miwili ikaingia wiki moja. Stoo yetu inabeba mifuko 180. Iliyozidi ilikaa nje chini ya turubai na mingine ikaganda. Katoni nazo zina mambo yake. Ratiba ya mwezi naibandika ukutani tarehe moja, ikifika tarehe kumi haina maana tena. Je, ninunue programu ya kompyuta ya kupangia, au nibadilishe muuzaji?"

JIBU:

Ndugu yangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeandika siku za kila oda. Kwa tarakimu hizo 12 tunaweza kufika mbali bila programu yoyote. Swali lako kwa ufupi ni hili: ratiba ipangweje wakati tarehe ya mzigo haiaminiki? Nitaanza na tarehe yenyewe, maana ndiyo inayokuponza.

Zipange siku zako kuanzia ndogo: 9, 11, 12, 12, 13, 14, 14, 15, 16, 17, 21, 26. Wastani wake ni siku 15. Muuzaji anayekuambia 14 hajakudanganya sana, amekupa namba ya katikati. Tatizo ni matumizi yako ya namba hiyo. Mifuko 72 ni ya siku 12 za kazi, yaani wiki mbili kamili za kalenda. Maana yake umeiweka stoo iishe siku ileile ambayo mzigo "unatakiwa" kuingia. Kila oda iliyovuka siku 14 ilikukuta mtupu, na hizo ni 5 kati ya 12. Ukijumlisha ucheleweshaji wake (siku 1, 2, 3, 7 na 12) unapata siku 25 za kalenda, ambazo ni kama siku 21 za kazi. Karibu mwezi mzima wa uzalishaji umepotea kwa sababu ya kupangia namba ya katikati. Hata muuzaji angekuwa malaika, kupanga hivyo kungekuletea shida karibu nusu ya mara.

Kwa hiyo usiulize "mzigo utafika lini?" Uliza "nikiagiza leo, nataka niwe salama hadi siku ya ngapi?" Jibu lake linahesabika. Tuchukue mifuko yako 6 kwa siku, siku 6 kwa wiki, tuone ingekuwaje kama mwaka ule wa oda hizo 12 ungeagiza mapema zaidi.

Ungeagiza ukibakiwa na mifuko 88, ungekuwa salama hadi siku ya 17. Zingekupita oda mbili tu, ya siku 21 na ya siku 26, na ungesimama kama siku 11 za kazi badala ya 21. Ungeagiza kwenye mifuko 108, ungekuwa salama hadi siku ya 21. Ingekupita ile moja ya 26, siku 4 za kazi. Kwenye mifuko 134 usingesimama hata siku moja.

Angalia hatua zinavyopungua faida. Mifuko 16 ya kwanza imeokoa siku 10. Mifuko 20 iliyofuata imeokoa siku 7. Mifuko 26 ya mwisho imeokoa siku 4. Hapo sasa weka fedha. Sijui unanunua kwa bei gani, kwa hiyo nachukua sh 60,000 kwa mfuko na riba ya asilimia 2 kwa mwezi kama mfano tu. Wewe badilisha kwa tarakimu zako. Mifuko 16 ni sh 960,000 zilizolala stoo, na kuzilaza mwaka mzima kunagharimu sh 230,400. Gawa kwa siku 10, kila siku uliyookoa imekugharimu sh 23,000. Hatua ya pili inatoka kama sh 41,000 kwa siku. Ya tatu inapanda hadi sh 94,000 hivi.

Kaa chini na mhasibu wako mjibu swali moja: siku moja ya kusimama inakula shilingi ngapi? Hesabu mishahara mnayolipa watu wakiwa wamekaa, faida ya sabuni ambayo haikuuzwa, na mteja aliyehamia sabuni ya mwingine akakaa hukohuko. Msihesabu mauzo yote ya siku, maana mafuta na kuni hamkuvitumia. Kosa hilo huwafanya watu wajaze stoo kupita kiasi. Kama jibu ni sh 40,000, ishia kwenye mifuko 88. Ile 108 iko mpakani. Kama ni sh 150,000 au zaidi, hata 134 ina mantiki, ingawa kwa ile hatua ya mwisho kuna njia nyingine: kununua kwa dharura hapahapa mjini au Mwanza. Ukilipa sh 15,000 zaidi kwa mfuko, mifuko 6 ni sh 90,000 kwa siku, na unazilipa mwaka ule tu ambao balaa limetokea. Kwa maoni yangu kiwanda cha ukubwa wenu kiweke 108, kisha kiwe na makubaliano ya mapema na mtu mwenye mifuko 30 ya dharura. Makubaliano yawepo kabla ya shida, maana ukimwendea umekwama, bei ataipanga yeye.

Utakutana na kanuni ya vitabuni inayosema chukua mtawanyiko wa siku zako (kipimo cha jinsi zinavyoachana na wastani), zidisha kwa 1.65, upate akiba ya kukulinda mara 95 kati ya 100. Kwa oda zako mtawanyiko ni kama siku 4.7, hivyo kanuni inakupa siku 8 juu ya wastani, jumla siku 23. Haiko mbali na tulichopata kwa kuhesabu. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba kuwahi na kuchelewa vina urefu sawa, na mizigo haiendi hivyo. Oda yako iliyowahi kuliko zote iliwahi siku 6 tu kabla ya wastani. Iliyochelewa kuliko zote ilichelewa siku 11. Mzigo hauwezi kufika kabla haujapakiwa, ila kuchelewa hakuna mwisho. Mpaka uwe na kumbukumbu za oda 30 hivi, hesabu kwa vidole. Ni salama zaidi.

Sasa upande ambao watu huuona kama bahati: mzigo kuwahi. Chukua kiwango cha mifuko 108 na mzigo uingie siku ya 9. Utakuwa umetumia kama 46, zimebaki 62, zinaongezeka 150: mifuko 212 kwenye stoo ya mifuko 180. Hizo 32 zinarudi chini ya turubai, na unajua kilichotokea. Kostiki inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. Mfuko uliofunguka au uliochanika hulowa, huganda, na taratibu kostiki hugeuka kuwa kabonati kwa hewa ya ukaa. Kabonati haichemshi mafuta ya kawaida kuwa sabuni. Mfuko kama huo ukiuweka kwenye mizani unaweza kusoma kilo 26, mpishi akadhani amepata nyongeza, kumbe kostiki iliyomo ni pungufu; sabuni inatoka laini na yenye mafuta. Mifuko iliyoganda msiitumie kwa kukisia. Itengeni, pimeni nguvu yake, au itumieni kidogokidogo mkiwa na kipimo.

Kwa hiyo ukipandisha kiwango cha kuagizia lazima ushushe ukubwa wa oda au upanue stoo. Oda ya mifuko 110 badala ya 150 inakupa 172 katika hali ya kuwahi kabisa, inaingia. Gharama yake ni kwamba utaagiza kama mara 16 kwa mwaka badala ya 12, na kila oda ni nafasi mpya ya kuchelewa. Pia nauli kwa mfuko inaweza kupanda. Wenye stoo kubwa wanafaidika kwa kuagiza vingi mara chache, hilo ni kweli. Kama kuna chumba kikavu cha kukodi karibu, chenye sakafu ya saruji na paleti (majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo; moja hubeba mifuko 40, tani moja), linganisha kodi yake na hizo nauli. Kabla ya kukuza stoo ya kostiki, ulizia masharti kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sababu ni kemikali inayodhibitiwa.

Lile la oda mbili kuingia pamoja ni ugonjwa wa kawaida sana na dawa yake ni rahisi. Kwenye kadi ya stoo ongeza safu moja: "iliyoko njiani". Uamuzi wa kuagiza ufuate jumla ya kilichopo na kilichoko njiani. Siku ile ulipopiga simu ya pili, stoo ilisoma sifuri lakini jumla ilisoma 150. Hukuhitaji oda nzima mpya, ulihitaji mifuko 30 ya dharura ya kuvukia. Na mara nyingi oda ya hofu huleta njaa baadaye: fedha zimekwisha, mwezi unaofuata hamuagizi, halafu mnakwama upya na kumlaumu muuzaji.

Je, ubadilishe muuzaji? Bado. Kwanza vunja hizo siku vipande vipande. Kwa kila oda andika tarehe nne: ya malipo, ya kupakiwa Dar, ya kuingia Kigoma, na ya kushushwa stoo kwako. Mara nyingi siku zinazoyumba haziko barabarani wala relini. Ziko kwenye kusubiri: kusubiri behewa, kusubiri lori lijae, kusubiri malipo yathibitishwe benki, hata kusubiri mtu wako aende kuukomboa mzigo. Kama siku 7 kati ya zile 26 zilipotea kati ya malipo na kupakiwa, muuzaji ana la kujibu. Kama zilipotea njiani, muuzaji mpya atatumia reli hiyohiyo.

Reli ya Kati ina takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinajulikana kwa kusombwa na mafuriko. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilikiharibu vibaya. Kwa hiyo usitumie kiwango kimoja mwaka mzima. Oda za msimu wa mvua zihesabu peke yake, na kiwango chake kiwe juu zaidi. Njia mbili zinasaidia: nusu ya oda kwa treni, nusu kwa lori, zikiachana kwa wiki. Zinasaidia pale tu sababu za kuchelewa zinapokuwa tofauti. Kama kostiki imeadimika kwa muuzaji mwenyewe, treni na lori vyote vitakuja vitupu. Na usimpe muuzaji tarehe ya uongo ya mapema ili "afanye haraka". Mara ya tatu atajua, na tarehe zako za kweli nazo hazitasikilizwa.

Tuje kwenye katoni, maana hapa ndipo ratiba nyingi hufa. Sabuni haiondoki kiwandani mpaka kitu cha mwisho kimefika. Tuseme kostiki, katoni na mise kila kimoja hufika kwa wakati mara 9 kati ya 10. Vyote vitatu kuwepo pamoja ni 0.9 mara 0.9 mara 0.9, yaani kama mara 73 kati ya 100. Kila msambazaji anajiona mzuri, wewe unakwama karibu mara moja kati ya nne. Ndiyo maana kitu cha bei ndogo kisichoharibika kiwe na akiba nene. Weka katoni za wiki sita ukiweza, zilale juu ya paleti mbali na ukuta. Kusimamisha tani ya sabuni kwa kukosa katoni ni hesabu mbaya. Chumvi unaipata Uvinza, jirani. Ya wiki moja inatosha. Mawese ni madumu 39 hivi ya lita 20 kwa siku, yanatoka vijijini, yakichelewa ni kwa siku mbili tatu mvua ikiharibu barabara. Mapipa ya siku nne yanatosha, yafunikwe maji yasiingie.

Mise inahitaji tahadhari ya pekee. Ikichelewa, mpishi hushawishika kujaza mawese mahali pake, na inawezekana, ila kipimo cha kostiki lazima kibadilike. Kilo moja ya mise inakula takribani gramu 176 za kostiki. Kilo ya mawese takribani gramu 141. Mchanganyiko wako wa 700 na 300 unahitaji kama kilo 151, ndiyo hiyo mifuko 6. Tani nzima ya mawese peke yake inahitaji 141 tu. Ukimwaga mifuko ileile 6, takribani kilo 7 hadi 9 za kostiki zitabaki huru ndani ya sabuni, na anayefua kwa mkono ataziona kwenye ngozi. Andikeni mapishi mawili, ya kawaida na ya kukosa mise, yabandikwe juu ya pipa la kuchemshia, na tone la fenolftaleni (dawa inayoonyesha kostiki iliyobaki huru) lijaribiwe kwenye kila mpiko: likigeuka pinki kali, sabuni isikatwe bado. Sabuni ya mawese matupu pia hutoa povu kidogo, kwa hiyo mjulishe mteja mkubwa kabla hajakupigia.

Ratiba ya ukutani sasa. Ratiba ya mwezi yenye tarehe kwa kila mpiko haitakaa ifanye kazi kwa mizigo ya namna hii, na programu ya kompyuta ingeibandua na kuibandika haraka zaidi tu. Ukiilisha siku 14 itakupangia kwa siku 14. Fanya ngazi tatu. Siku tatu zijazo zifungwe kabisa: hakuna mpiko unaoingia humo mpaka mtunza stoo ameona kwa macho kostiki, mafuta na katoni zake, akatia saini. "Kiko Tabora kinakuja" haihesabiki. Wiki inayofuata iwe na mipiko iliyopangwa kwa mfuatano bila tarehe: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kilichobaki cha mwezi kiwe kiasi tu, tani ngapi. Mzigo ukiwahi unavuta mpiko mmoja mbele. Ukichelewa unasukuma nyuma, na karatasi haichanwi.

Pembeni yake weka orodha ya kazi za siku ya kukwama: kusafisha mapipa, kukaza na kubadilisha nyaya za kukatia, kuziba mapaa ya stoo, kufunga katoni. Ukijua siku nne kabla kwamba kostiki itachelewa, usipunguze mipiko iwe midogo ili "ivute". Kila mpiko hula kuni za kuwashia zilezile, na sabuni mtakayopata kwa jumla ni ileile. Pika kwa kipimo kamili kwa wateja wa lazima, kisha simama siku mbili mfululizo mtengeneze mitambo.

Kuna wanaopenda kuweka akiba kwenye sabuni iliyokwisha badala ya kostiki. Ina faida yake, mteja hasubiri. Lakini mche mbichi unapoteza maji na uzito kadiri unavyokaa. Mche ulioandikwa gramu 800 ukikaa wiki kadhaa kwenye stoo yenye hewa unaweza kusoma pungufu, na Wakala wa Vipimo atakapoupima hatauliza ulikaa wapi. Kama mnataka akiba hiyo, iwe ya wiki moja, na mkate kwa uzito unaoacha nafasi ya kukauka. Pimeni miche 10 leo, muipime tena baada ya siku 7 na 14, mtajua nafasi hiyo ni gramu ngapi kwa sabuni yenu.

Anza na haya mawili wiki hii: safu ya "iliyoko njiani", na kiwango cha 108 chenye oda ya 110. Yape miezi minne. Kama bado mnasimama zaidi ya siku mbili kwa mwezi, mtafute mtu wa kuja kukaa kiwandani. Ofisi ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) mkoani ni mahali pazuri pa kuanzia, na aje na kalamu aone stoo, si kuwafundisha ukumbini. Mtafute mapema zaidi kama mnataka kukopa kwa ajili ya akiba, kwa sababu riba halisi ya mkopo inaweza kugeuza hesabu yote niliyokufanyia hapo juu. Na kama wateja wameshaanza kulalamika sabuni inawasha mikono, hilo lisisubiri ratiba: simamisha kuuza mpiko huo na upeleke sampuli ipimwe maabara.